Utomvu Uliokufa Heru Juu

Nilitoka Kibondo kwa hasira, wala sioni haya kusema. Yusta, niliyemfundisha sayansi darasa la saba kabla hajaolewa Heru Juu, alikuwa amenipigia simu akilia. Utomvu wa mapapai alioukinga yeye na akina mama kumi wa kitongoji chake ulikuwa umekataliwa wote na mnunuzi wa Kasulu. Yusta ndiye aliyewashawishi wenzake wachanje mapapai mabichi badala ya kungoja yaive wayapeleke sokoni. Sasa walikuwa wakimwita tapeli. Nikajiapiza kwenda kumkabili huyo mnunuzi.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda basi. Muuza mitumba niliyekaa naye aliniuliza utomvu wa papai una nini hata watu wagombane. Nikamweleza kwamba una kimeng'enya kinachokatakata protini, kama vile vya tumboni vinavyomeng'enya nyama tuliyokula. Viwandani hutumika kulainisha nyama na ngozi, na katika tiba umetumika kuondoa nyama iliyokufa kwenye vidonda. Hata kwenye sabuni ya unga hutiwa vimeng'enya vya jamii hiyo ili kutoa madoa ya damu. Akasema bibi yake hufunga nyama ya beberu mzee kwa majani ya mpapai kabla ya kuipika. Nikacheka, hasira ikapoa kidogo.

Nilipofika Kasulu, ilirudi yote. Mnunuzi alikuwa mtu mpole mwenye stoo nyuma ya soko. Hakubishana nami. Alimimina maziwa ya vuguvugu kwenye vikombe viwili, akatia kidogo unga wa utomvu uliokaushwa na akina Yusta katika kimoja, na unga wa mkulima mwingine katika cha pili. Baada ya muda mfupi cha pili kiliganda. Cha Yusta kilibaki maziwa tu.

"Mimi nanunua kinachofanya kazi, mwalimu," alisema. "Huu umekufa."

Nikamuuliza kama aliwaambia namna ya kuukausha.

"Hawakuuliza."

Hapo nilipandwa na mori. Aliwapa visu na ndoo, akawapa na matumaini, ila sentensi moja ilimshinda kutoa! Nilimwambia hivyo, na mengine ambayo siyaandiki hapa. Akafunika kopo lake la unga taratibu.

Saa saba bodaboda ilinishusha Heru Juu. Akina mama walikuwa wamekaa uani kwa mama mkwe wa Yusta, kila mmoja na mfuko wake wa unga mapajani. Hakuna aliyekaa karibu na Yusta. Niliinama kuingia jikoni nikaona kila kitu: juu ya mafiga palikuwa na uchaga mweusi kwa masizi, na juu yake vipande vya bati vyenye mabaki ya utomvu. Masika huku jua ni la kubahatisha, na mihogo hukaushwa juu ya moto. Waliukausha utomvu kama mihogo.

Nilitoka nikifoka. Nikawaambia moto umeua kimeng'enya, na kwamba hili ni jambo la darasa la saba.

Yusta alisimama. Hakuwa analia tena.

"Vimeng'enya huharibiwa na joto kali," alisema, kama anayesoma ubaoni. "Swali hilo nilipata, mwalimu, ukaniwekea vema. Ila hukutuambia kwamba joto kali ni hili la jikoni kwa mama."

Hasira yote niliyoibeba tangu Kibondo ilinigeukia mwenyewe. Mnunuzi alikuwa amenyamaza msimu mmoja. Mimi nilikuwa nimenyamaza miaka na miaka, chaki mkononi.

Mama mkwe akaagiza maziwa. Tulichanja papai bichi, tukadondosha utomvu kwenye maziwa, yakaganda mbele ya wote. Kisha tukadondosha kwenye maziwa mengine utomvu tulioupasha kwanza juu ya moto, na hakuna kilichotokea. Mavuno yale yalikuwa yamepotea, hilo hatukudanganyana. Lakini mama mmoja alisogea akakaa kando ya Yusta, akamuuliza kama chini ya upenu, penye upepo na kivuli, panafaa kuukaushia. Yusta akamjibu panafaa.

Kesho yake jioni nilirudi Kibondo, na siku iliyofuata niliingia darasa la saba na papai bichi na maziwa. Kabla ya kuandika neno ubaoni, niliwauliza watoto: kwenu mihogo inakaushwa wapi?