Hatua ya Kugonga Tangi

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya baridi ya Iyunga, pale Mbeya, ambayo hainitoki kichwani. Niliamka nikakuta karatasi zangu zimelala upande mwingine wa meza, na mimi nilikuwa nimeziacha karibu na taa. Au nilidhani nimeziacha karibu na taa. Mpaka leo hapo sina hakika, na nakwambia mapema ili usiniamini kuliko ninavyostahili.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa kijana, nimesoma madarasa machache, naendesha injini ya mashine ya kukoboa mpunga. Chumba nilikaa na Asheri, kijana mwenzangu, yeye wa Tukuyu kwenye migomba, mimi Msangu wa wafugaji. Kazi tulifundishwa na fundi mmoja, Mzee Mwakalinga, na ugali tulikula sahani moja.

Sasa, mafundi na walimu wa ufundi walikuwa wameitisha mkutano Iringa. Walitaka makala juu ya lugha ya kuelekeza mashine: uandike kwa Kiswahili namna ya kuwasha injini, hatua kwa hatua, hata mtu asiyewahi kuigusa asome na aiwashe. Makala isiwe na jina, iwe na alama tu, ili wasomaji wapime maneno wasimpime mtu. Kutoka Mbeya ingechaguliwa moja tu, huko huko Iringa, isomwe mkutanoni. Na atakayekutwa amenakili ya mwenzake, hakuna fundi ambaye angempa kazi tena. Nafasi ile niliitaka mpaka chakula kikakosa ladha.

Asheri alikuwa akiandika amekinga karatasi kwa mkono.

"Unaficha nini?" nikamuuliza.

"Naficha mwandiko, Msangu wee. Ukiuona utacheka."

"Andika vizuri basi. Injini haimenywi kama ndizi zenu."

"Wala haikamuliwi kama ng'ombe wenu!"

Tukacheka, ila mimi nilicheka kwa mdomo tu. Na haki isemwe: hata mimi nilikinga karatasi yangu. Kwa nini kwake niliona ni hila na kwangu niliona ni uangalifu, sikujiuliza.

Basi baada ya asubuhi ile ya karatasi kuhama, nilianza kumchunguza. Akinyamaza, nasema anawaza alichosoma. Akiongea sana, nasema anajisahaulisha. Tulipanda lori kwenda Iringa tumebanana kwa baridi, bega kwa bega, na njia nzima sikumpa zaidi ya "ndiyo" na "hapana". Alinipa nusu ya blanketi lake. Nikajiuliza ananipa kwa nini.

Iringa tulipelekwa uani kwa Bwana Athumani, mtu mzima, mfanyabiashara ambaye wazee wake walitoka pwani. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa wasomaji, na pale uani alikuwa na injini ya kusagia mahindi. Kumbe makala hazikusomwa kwa macho tu, zilijaribiwa. Shemeji yake, Bi Zuhura, alijua kusoma lakini injini alikuwa hajawahi kuigusa. Kazi yake ilikuwa kufuata yaliyoandikwa, na hayo tu.

"Ukiona pengo," Bwana Athumani akamwambia, "usizibe kwa akili yako. Simama hapo hapo."

Ikaanza makala yenye alama ya nyota. Yangu niliichorea jembe. Bi Zuhura akasoma kwa sauti: "Jaza maji. Gonga tangi mara mbili kwa spana."

Kugonga tangi! Hatua hiyo nilikuwa nimeiandika mimi, kwa maneno yale yale. Bi Zuhura akaendelea mpaka mwisho, injini ikawaka, watu wakapiga makofi. Asheri akainamisha uso akitabasamu, nikajua nyota ni yake.

Nikamvuta Bwana Athumani kando ya ukuta.

"Mzee, ile ya nyota imetoka kwenye yangu."

"Ulimwona akinakili?"

"Karatasi zangu zilihamishwa."

"Na nani?"

"Tunakaa wawili tu, Mzee."

"Sikukuuliza mnakaa wangapi. Ulimwona?"

"Hapana."

"Basi unaziba pengo kwa akili yako. Shemeji yangu nimemkataza, na wewe nakukataza. Rudi pale, yako bado."

Nikarudi, masikio yakiwaka. Ikaja ya jembe. Bi Zuhura akajaza maji, akagonga tangi, akasoma, "Zungusha hendeli." Akazungusha. Akazungusha tena, mtandio ukamwanguka mabegani, injini kimya.

"Shemeji, nizungushe mpaka lini? Hapa hapajasemwa! Au huyu wa jembe ameniona nalima?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Nilikuwa nimesahau kuandika kufungulia mafuta. Mkono wangu uliizoea mno hatua ile, kichwa kikaacha kuiona. Nyota alikuwa nayo. Kama Asheri alinakili kwangu, hatua ile aliitoa wapi? Ila shaka haikosi jibu, mwanangu. Ikaninong'oneza: labda aliongeza tu.

Ndipo Bwana Athumani akauliza mbele ya wote, "Nyota na jembe, mnagonga tangi. Kwa nini?"

Tukajibu kwa pamoja, Asheri na mimi: "Mzee Mwakalinga hugonga."

"Hugonga kwa nini?"

Hakuna aliyejua.

"Kumbe nimepiga tangi la watu bure!" Bi Zuhura akasema.

Makala ya Asheri ilisomwa mkutanoni, hatua ya kugonga tangi imeondolewa. Tuliporudi Mbeya tukamuuliza mzee wetu. Alicheka mpaka akakohoa. Injini yake ya kwanza, kule Rujewa, ilikuwa na kipimo cha maji kinachokwama, usipogonga, kinakudanganya. "Ya kwenu haina kipimo kabisa," akasema. "Mimi mkono umezoea tu. Nyinyi watoto mlikuwa mnagonga nini siku zote?"

Nani alihamisha karatasi zangu? Sijui. Sikumuuliza Asheri, na sasa amekwisha kutangulia. Huenda alizisoma. Huenda ni mimi mwenyewe niliyezisogeza.

Sikwambii ufukuze shaka, mwanangu. Mimi nimezeeka nayo. Nakwambia hivi: ukiona kazi ya mwenzako imefanana na yako, uliza kwanza nani aliwafundisha nyote wawili. Kazi yako mpe asiyekujua aijaribu mbele yako, na umwache acheke. Na unapomhesabia mtu makosa, taja uliyoyaona. Ukifika penye pengo, simama hapo hapo.

Mungu akupe wa kukugawia blanketi safarini, na akupe moyo wa kulipokea. Na siku jina lako litakapokuwa mdomoni mwa mwenye shaka, amjalie naye asimame penye pengo.