Maji ya Baridi ya Baltazar

Marieta wa Dongobesh hakukosa kumwamkia shemeji yake Baltazar, "Shikamoo," lakini heshima iliishia mdomoni. Moyoni alimwona debe tupu: mwenyekiti wa kikundi cha samaki ambaye hajawahi kulowa hata kifundo cha mguu.

Kazi yote ilikuwa ya Marieta. Ziwa dogo upande wa Hirbadaw lilipokauka, yeye ndiye aliyeingia kwenye tope akaokoa perege wa mwisho wa aina ile, wasiopatikana kwingine. Akawachimbia bwawa la kina kifupi nyuma ya nyumba, akalifunika kwa nailoni ili jua liyapashe maji joto, maana kipupwe cha Mbulu hakina huruma. Vifaranga walipotokea, wadogo kama punje za ulezi, aliwachungulia kila asubuhi.

Siku moja Baltazar akaja, akakunja pua. "Mbona maji ya kijani? Wageni wa wilaya wanakuja kesho. Aibu gani hii?"

Marieta angeweza kumwambia kwamba ukijani ule ndio chakula chao, na kwamba vifaranga hawavumilii baridi. Akaona ni kupoteza mate.

"Ndiyo, shemeji," akasema, akaendelea kupukuchua mahindi.

Kesho yake, Marieta akiwa mashineni kusaga, Baltazar alifunua nailoni, akafungulia mfereji wa maji ya mlimani. Marieta aliporudi, vifaranga wengi walikuwa wakielea matumbo juu, weupe kama pumba.

"Ni ugonjwa huo," Baltazar akasema, akipangusa viatu vyake.

"Tia mkono majini, shemeji."

Akatia. Akautoa upesi, akaupuliza.

"Wewe una koti," Marieta akamwambia. "Wao walikuwa na nini?"

Wageni walipofika, Baltazar aliwahutubia juu ya ndege waharibifu waliomaliza vifaranga, wakampigia makofi. Marieta hakutoka jikoni. Alikuwa na vifaranga waliosalia ndani ya beseni, kando ya mafiga, akipima maji kwa kiwiko kama anayeogesha mtoto. Kilichomuuma zaidi si ujinga wa mtu yule. Neno moja tu kutoka kwake yeye Marieta lingewaokoa, naye alilimeza kwa dharau.

Baada ya hapo alimweleza Baltazar kila kitu, mara mbili mbili, kama anayefundisha mtoto. Joto liliporudi, waliosalia wakakua, wakazaa.

Siku hizi Baltazar huwatambia watu hadi Dirma kwamba nailoni ilikuwa wazo lake. Marieta husikia, akasonya, akaenda kulisha samaki.