Namba ya Mtu wa Karibu

Siku niliyoanguka kiwandani, muuguzi wetu alifanya kama alivyofundishwa. Alinigeuza ubavu, akanilegezea ukosi wa shati, akafungua faili langu na kupiga namba ya mtu wa karibu. Simu ikalia mfukoni mwangu.

Haya nilisimuliwa baadaye, maana wakati huo sikuwa najijua. Wapakiaji walionizunguka walidhani ni bahati, ndugu yangu kapiga wakati wa shida. Mmoja akaichomoa simu, akasema haloo, na muuguzi aliyekuwa hatua mbili kutoka kwake akajibu haloo. Hapo wakatazamana. Wiki nzima kichekesho hicho kilizunguka kiwanda, toka mitambo ya kukamulia mafuta mpaka getini, na mimi nikacheka nao ili yaishe. Sikuona cha kuchekesha.

Mwaka huo tajiri alikuwa ameleta mtaalamu kutoka Kampala atufundishe afya. Si afya ya vidonge na glavu peke yake, alisema, bali ya maisha yote. Alichora duara ubaoni akaligawa sehemu nne: mwili, akili, kazi, watu. Kila mmoja akapewa karatasi yenye duara lake ajaze. Mimi sina subira na vitu vya namna hiyo. Nimeendesha foklifti bohari ya Jinja miaka kumi na moja, sijaangusha hata jerikani moja la mafuta, halafu mtoto wa juzi mwenye viatu vya kuchongoka ananiuliza kama nina furaha. Lakini nilijaza. Mwili: natembea kwa miguu kutoka nyumbani Kimaka kila asubuhi, chumvi nimepunguza, sigara siijui ladha yake. Akili: nalala vizuri. Kazi: sina kesi na mtu. Kwenye watu niliandika "sawa". Chini yake waliuliza namba ya mtu wa karibu, wa kupigiwa ukiugua. Nilikaa na kalamu muda mrefu. Wenzangu walipoanza kurudisha karatasi zao niliona haya kuacha pengo, nikaandika namba yangu mwenyewe.

Mke aliniacha zamani akarudi kwao Arua, na mtoto hatukujaliwa. Ninaye dada mmoja, mkubwa wangu, muuza vitunguu soko la Nakaloke, kule Mbale. Mama alipofariki nilifika, nikazika, na jioni ileile nikarudi Jinja kwa sababu nilikuwa na zamu. Kwetu sisi Wanubi matanga hayaachwi hivyo. Mtoto wa marehemu hukaa, hupokea watu, hula nao sinia moja mpaka dua ya mwisho isomwe. Dada aliniambia mbele ya watu kwamba nimemzika mama kama mtu anayetua mzigo. Niliondoka. Baadaye simu yangu iliibiwa, nikanunua laini mpya, na namba mpya sikumpa. Yake naijua kwa kichwa. Kwa miaka mitano sikuipiga.

Muuguzi wa kiwanda ni mama wa Kisoga, mfupi, asiyepandisha sauti. Alinipima presha siku tatu mfululizo, ikagoma kushuka. Aliuliza chumvi, akauliza usingizi, kisha akaweka kalamu chini.

"Afande, jioni weye nakula na nani?"

Kiwandani wananiita afande, ingawa gwanda sijawahi kuvaa. Aliyekuja na jeshi kutoka Sudani ni babu yangu, ila Kiswahili changu kikiwafika wao husikia kambi ya jeshi.

"Na redio," nikasema.

Hakucheka. "Dawa nakupa. Lakini mimi siwezi kusaini weye rudi kwa foklifti. Ukianguka tena, naita nani? Lete namba ya mutu. Mutu mwingine, si weye."

Alinipa wiki mbili, la sivyo ningehamishiwa kufagia ua. Nilikasirika mno. Bila foklifti sijui mimi ni nani, nami niliona mashine yangu inakwenda kwa kosa la karatasi. Nilimwendea mwenye nyumba wangu, nikamwomba niandike namba yake. Ni mtu mwema, alifikiri kidogo, akasema, "Sasa wakipiga, mimi naambia nani? Kwenu sijui." Alikuwa sahihi. Jioni hiyo nilikula nimesimama, nikitazama ukuta, na upweke ulinishika vibaya sana.

Jumamosi nilikwenda Nakaloke. Nilimkuta dada uani, amekaa kwenye mkeka, mguu mmoja kaunyoosha, anachambua vitunguu. Hakushtuka.

"Umekonda," akasema. "Kaa."

Nilipokaa niliuona mguu. Vidole viwili havikuwepo.

"Sukari," akasema. "Mwaka jana walikata."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Hapo ndipo alipokasirika.

"Ingia ndani. Lete kitabu iko juu ya kabati."

Kilikuwa daftari la shule, kama tunavyonunua sote tukienda kliniki. Kwenye jalada palikuwa na jina lake, na chini yake, kwa mwandiko wa kliniki: mtu wa karibu, kaka. Ikafuata namba yangu, ile ya simu iliyoibiwa.

"Daktari alitaka mtu wa kusaini," akasema. "Walipiga mara tatu. Wakasema haipatikani. Nikawaambia jaribu tena, yeye iko kazini. Mwisho nikaweka dole gumba yangu mwenyewe."

Nililia. Nilikuwa nimekuja kuomba mtu wa karibu, kumbe aliyekosekana ni mimi. Aliniacha nilie, akaendelea na vitunguu vyake. Kisha akaleta sinia, kisra, mkate wetu mwembamba, na bamia ya nyama, tukala vidole vikigongana, naye akawa anasukuma vipande vya nyama upande wangu bila kuniangalia, kama alivyofanya mama. Tuliponawa akanipa kalamu.

"Andika mpya. Andika kubwa, macho pia si mazuri."

Nilitaka kuikata ile ya zamani. Akanishika mkono.

"Wacha," akasema. "Zikae zote."

Jumatatu nilimpa muuguzi namba ya dada. Yeye haamini karatasi tena, aliipiga palepale, spika ikiwa wazi.

"Haloo, mama. Mimi napiga kutoka kiwanda ya Jinja."

"Amekufa?" dada akauliza.

"Hapana, mama. Iko hapa, mzima. Najaribu namba tu."

Tulisikia soko nyuma yake, na pumzi yake ikishuka polepole.

"Mwambie akule," akasema, akakata.

Muuguzi alisaini. Presha ilikuwa imeshuka kidogo tu, akasema itachukua muda na nisiache vidonge. Mchana nilirudi kwenye foklifti, na hakuna aliyenitania.

Jioni nilikula peke yangu Kimaka, kama siku zote. Niliwasha redio kwa mazoea, kisha nikaizima. Simu niliiweka mezani karibu na sahani. Namba yangu imo kwenye daftari la Nakaloke, na ikilia lazima niisikie.