Mzee Aliyeniomba Tromboni

Mtabisha, najua. Hata mke wangu alibisha, na tunalala kitanda kimoja. Bisheni tu. Mimi yalinikuta mchana kweupe, hapa hapa Morogoro.

Nilipiga tromboni miaka mingi kwenye bendi ya kiwanda. Bendi kubwa hasa, wapulizaji mstari mzima, suti za rangi moja. Ikaja ruksa, ile enzi ya soko huria, kiwanda kikauzwa, na tajiri mpya hakutaka hata kusikia habari za muziki. Nikabaki na tromboni na watoto wanaotaka kula. Ndipo nikasikia hoteli moja ya Dar inatafuta mpiga tromboni, majaribio Jumamosi. Hiyo ndiyo ilikuwa pona yangu.

Majirani wa mtaani kwetu Mafiga walishachoka na kelele zangu, kwa hiyo nikapanda milima ya Uluguru kufanya mazoezi. Ukungu ukashuka. Kwenye njia ya mashamba ya kabichi akatokea mzee, koti safi, viatu havina hata tone la tope. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Kimya. Jamani, mtu mzima haitikii shikamoo, na mimi bado nimesimama tu! Si ningetimua mbio?

Akanyoosha mkono. "Nipe nijaribu, mwanangu."

Sisi watu wa bendi hatumnyimi mpulizaji mwenzetu chombo, ndivyo tulivyolelewa. Nikampa. Akapiga. Niaminini, ile ilikuwa sauti yangu! Solo yangu ya kiwandani, pamoja na kale kamtetemo ka mwishoni ambako hakuna aliyewahi kukaiga. Machozi yakanitoka. Akanirudishia, akapotelea kwenye ukungu bila kuaga.

Nikapuliza. Ikatoka hewa tupu.

Jumamosi nikaenda hivyo hivyo. Nilipuliza mpaka mishipa ya shingo ikanitoka, wapi! Kiongozi wa bendi ya hoteli akaichukua tromboni, akaijaribu, ikalia vizuri kabisa. "Pole, kaka," akasema. Hospitali nimekwenda, nimeombewa, kwa waganga nimefika. Sina la kufanya tena.

Na mama anayetuletea mboga kutoka mlimani huniambia, "Baba, jana ulituburudisha kweli. Mbona huku mjini hupigi?" Napokea mchicha, namlipa.

Basi wewe mwenye chombo chako, asiyeitikia salamu usimpe, hata akuite mwanangu. Acha akuone una roho mbaya. Mimi jioni upepo ukianza kushuka kutoka mlimani nafunga madirisha, maana najisikia nikipiga kule juu.