Nionjee Chumvi

Nianze na mwisho, msije mkapata presha kama yangu: shangazi hakufukuzwa kazi. Mpaka leo yuko palepale kwenye kantini ya kiwanda cha magodoro, kitambaa kichwani na mwiko mkononi, akiwafokea wasaidizi wake wawili ambao hawajafanya kosa lolote. Nasema mapema kwa sababu kila nikisimulia habari hii watu huanza kumhurumia, na yeye hapendi kuhurumiwa. Kuhurumia watu ni kazi yake yeye.

Ni dada mkubwa wa marehemu baba yangu. Naishi naye tangu ndoa yangu ilipovunjika, cherehani yangu iko sebuleni kwake chini ya dirisha, na sina mpango wa kuhama, maana ameshaniambia nikihama atanifuata. Asubuhi anakwenda kiwandani kupika chakula cha mchana cha wafanyakazi, alasiri anarudi na kapu la mabakuli yenye vifuniko. Meneja alimpa ruhusa zamani: kinachobaki sufuriani akifanye atakavyo.

Sasa, hapo ndipo zilipo sheria za shangazi, na ole wake anayezivunja. Kilichobaki sufuriani ni chakula. Kilichobaki sahanini ni makombo, na makombo hapewi mtu. "Mtu ashibe, halafu mwenzake umpe kilichomshinda? Mimi roho hiyo sina." Kijiko cha mtu cha kulia kikishagusa chakula, basi chakula chote kwake ni makombo. Kwa hiyo kantini ile hakuna anayeonja. Yeye mwenyewe hudondoshea mchuzi kiganjani na kuulamba haraka, na wasaidizi wakisogeza kijiko karibu na sufuria wanatazamwa mpaka wanakirudisha wenyewe.

Na kupeleka nako kuna adabu yake. Bakuli lifunikwe. Usipige hodi kwa sauti ya mtaa mzima. Usisimame mlangoni kuangalia watu wakila. Usiulizie bakuli, litarudi lenyewe, lisiporudi basi. Ukiulizwa umebeba nini, sema nguo za kushona. Nimeshashona "nguo" nyingi sana kwa namna hiyo.

Wa kwanza kupelekewa ni Mama Pacha, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Mumewe aliaga kwamba anakwenda kutafuta kazi, na mpaka leo anaitafuta. Mama Pacha anafua nguo za watu, na mapacha wake wanakula kama wako wanne. Kila akipokea bakuli anasema maneno yaleyale: "Ahsante shangazi, Mungu akuzidishie." Hasemi zaidi.

Wa pili alikuwa tabu. Mkabala na geti la kiwanda kuna kibanda cha fundi saa, mzee mmoja mjane, msafi, shati limepigwa pasi hadi kwenye kola iliyochakaa. Siku hizi watu wanaangalia saa kwenye simu, kwa hiyo fundi anashinda akifuta kioo cha kabati lake. Shangazi humwona kupitia dirisha la jikoni. Alimwona anavyokonda. Aliona mkanda wake umetobolewa tundu jipya, kisha jingine. Akampelekea bakuli. Fundi akasimama, akashukuru vizuri, akalirudisha bila kufunua. "Mpe mwenye shida, dada."

Shangazi alirudi nyumbani amenuna. Hakuna kinachomuudhi kama mtu mwenye njaa na heshima kwa wakati mmoja. Alikaa akiwaza mpaka chai ikapoa, halafu akapiga paja. "Nimempata," alisema.

Kesho yake alikwenda kibandani na uongo ameuandaa. Wiki chache nyuma aliugua mafua makali, hilo kweli. La kutunga lilikuwa hili: "Fundi, nisaidie. Tangu nipone yale mafua ulimi wangu umekufa ganzi. Hebu nionjee chumvi." Hapo fundi angekataaje? Si sadaka tena, ni msaada anaombwa. Shangazi akageuza uso, kama adabu yake inavyotaka, ili mzee ale kwa nafasi.

Fundi alitoa kijiko chake, akakifuta, akachota mara moja tu, akafumba macho. Kisha akafunika bakuli na kumrudishia. "Chumvi imezidi, dada."

Basi shangazi anarudi nyumbani na bakuli zima lililochotwa kijiko kimoja, na kwa sheria yake mwenyewe hayo sasa ni makombo. Kwa Mama Pacha hayaendi. Mimi daktari amenikataza chumvi kwa sababu ya presha, na chungu changu kinapikwa peke yake. Ikabidi ayale mwenyewe. Aliyala yote, kwa hasira, akinung'unika kila tonge. "Imezidi wapi? Mbona iko sawa kabisa? Yule ana kiburi tu."

Akarudi tena kesho, na keshokutwa. Kijiko kimoja, macho yanafumbwa, "Imezidi, dada." Shangazi akaanza kunenepa, fundi akazidi kukonda. Nilimwambia amwache mzee wa watu. Alinijibu kwamba hajawahi kushindwa na tumbo la mtu, hataanza sasa.

Wakati huohuo kapu lake lilikuwa linazidi kuwa zito. Sufuria zilikuwa zinabaki nusu. "Watu wa kiwandani siku hizi hawali," alisema, na akachukulia ni baraka, maana Mama Pacha alikuwa anapata mabakuli mawili. Mimi nami, kwa akili zangu, nikaitikia kwamba ni baraka.

Siku ya baraka kufunuka, shangazi aliingia nyumbani bila kapu. Alikaa kwenye kiti cha wateja wangu, juu ya vitambaa vyao. Meneja alikuwa amemwita ofisini. Wafanyakazi wamelalamika muda mrefu, wengine wanatoka nje kununua chakula chao. Meneja kijana wa watu hana ubaya, lakini alimwambia wazi: "Mama, kesho nitakuja kula mwenyewe. Nikiona ni kweli wanavyosema, itabidi nitafute mpishi mwingine."

"Wamesema nini?" niliuliza.

"Sikumuuliza. Niliona aibu." Alikuwa anatazama mikono yake. "Wakinitoa pale, nitakwenda kupika wapi kwa umri huu? Na yule wa ukutani nitampelekea nini?"

Sijawahi kumsikia akisema kwa sauti ndogo namna ile. Niliogopa. Nikakimbilia jikoni kumtengenezea chai, ndiyo dawa yangu ya kila kitu, na kwa kiwewe nikashika kopo lisilo lenyewe. Makopo yote mawili yalikuwa ya maziwa ya unga, la chumvi na la sukari, na la chumvi mimi sina shughuli nalo hata siku moja. Tulikaa kunywa. Nilipiga funda la kwanza nikalitema lote kwenye gauni la mteja.

Shangazi alikuwa ameshafika nusu ya kikombe. "Nini, imekuunguza?"

"Shangazi, hiyo chai ikoje?"

"Kawaida. Sukari umenibania kidogo."

Nilimwangalia mpaka akaacha kunywa. Kisha akainuka mwenyewe, akaenda jikoni, akachukua chumvi kwenye ncha ya kidole akaiweka ulimini. Akachukua tena, kidole kizima. Niliona uso wake unavyosubiri ladha ambayo haiji.

"Kumbe nilisema kweli," alisema mwishowe. "Nilidhani namdanganya yule mzee."

Ukamwingia wasiwasi wa pili, na huo ulimuinua haraka kuliko wa kwanza. "Na Mama Pacha je?" Kabla sijavaa viatu alikuwa ameshatoka. Hakupiga hodi kwa adabu yake siku hiyo. Alimkuta Mama Pacha jikoni, bakuli letu liko kwenye beseni, na maharage yake yako kwenye chujio chini ya bomba, yanaoshwa.

Mama Pacha alifunga bomba, akasimama kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi.

"Tangu lini unayaosha?" shangazi aliuliza.

"Muda sasa. Na mchuzi huwa naongeza maji na viazi. Watoto wanakula vizuri tu, shangazi, usijali."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje?" alisema taratibu. "Kitu cha kupewa."

Tulirudi nyumbani. Nilijua jambo la meneja limemuumiza, lakini hili lilimkata maini. "Nimewalisha chumvi watoto wa watu, wakaniambia ahsante," alisema, na akalia waziwazi. Nami nikaona kitu ambacho sikuwahi kukifikiria katika miaka yote ya kubeba yale mabakuli. Adabu zote zile zilikuwa za mtoaji. Mpokeaji alikuwa amebakiziwa adabu moja tu, kunyamaza. Fundi aliweza kusema kwa sababu yeye hakupewa kitu, aliombwa.

Asubuhi nilimsindikiza, nilihofia atalia njiani. Hakwenda jikoni kwanza, alikwenda kibandani.

"Fundi, nilikudanganya," alisema, bila hata salamu ya kueleweka. "Nilikuona umekonda nikatafuta njia ya kukulisha. Ulimi niliutunga. Kumbe umekufa kweli."

Fundi alitoa jichoni lenzi yake ya kutazamia saa, akaiweka chini. "Yaani nilipokuwa nakwambia imezidi..."

"Nilisema una kiburi."

"Mimi nami nikasema huyu mama mbishi sana. Namwambia kila siku, na kila siku ni ileile."

Niliwaona wote wawili wakijitahidi wasicheke, na shangazi akashindwa wa kwanza. Kisha akamweleza habari ya meneja. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Basi usiniletee baada ya kupakulia watu, inasaidia nini? Niletee kabla," alisema. "Na lile bakuli la kuonja liache. Lete sahani iliyojaa. Saa mimi siijaribu kwa dakika moja, dada. Naiacha itembee mpaka jioni ndipo namkabidhi mwenyewe."

Siku hiyo cherehani ilipumzika. Nilikuwa nakimbia kati ya dirisha la jikoni na kibanda, na mlinzi wa getini akaacha kuniuliza ninakwenda wapi. Shangazi aliweka chumvi kidogo kwa makusudi, akapakua kwenye kisahani safi. Fundi: "Bado." Nikarudi. Akaongeza. "Bado kidogo." Nikarudi, moyo unanidunda, nikamwambia shangazi kama nitakufa kwa presha aniandikie kaburini kwamba niliuawa na maharage. Mara ya mwisho fundi alifumba macho zaidi ya kawaida yake. "Hapo," alisema. "Usiguse tena. Sasa lete ile sahani."

Meneja alikuja, akapanga foleni kama wengine, akakaa katikati ya wafanyakazi. Shangazi alijifanya anasugua sufuria ambayo ilikuwa safi. Tulimwona akila, akisimama. Tukamwona anarudi kwenye foleni na sahani yake.

"Mama, niongeze kidogo," alisema.

Shangazi alimwongezea bila kumwangalia. Alipoondoka ndipo akakaa juu ya gunia la mchele, akavuta pumzi ndefu na kuishusha yote, na wasaidizi wake wakathubutu kumpepea. Nilitaka kumkumbatia, akanionyesha dirisha kwa kidevu. Ng'ambo ya barabara fundi alikuwa ameweka sahani iliyojaa juu ya kabati lake la kioo, amesogeza saa pembeni, na anakula. Hakuwa na haraka. Alikula mpaka akakusanya punje za mwisho pembeni mwa sahani. Shangazi, ambaye sheria yake ni kutowaangalia watu wakila, alitazama kila tonge.

Sahani ilirudi na ujumbe. "Chumvi sawa. Vitunguu havikuiva."

"Ameanza," shangazi alisema, na uso wake ulikuwa unang'aa.

Daktari anasema ulimi huenda ukarudi pole pole, huenda usirudi. Fundi anasema usirudi haraka, yeye kazi hii ameizoea, na mkanda wake umerudi kwenye tundu la zamani. Tatizo jipya lilikuwa kwamba chakula kikawa kitamu na sufuria zikaanza kubaki tupu. Shangazi alimweleza meneja yote, tangu fundi hadi Mama Pacha, na meneja akamwambia apike zaidi kidogo na atenge mapema. Siku hizi bakuli la Mama Pacha linapakuliwa kabla ya sahani ya meneja mwenyewe.

Lakini jambo lililompa shangazi usingizi wa kweli ni la juzi. Tulikuwa uani tunaanua nguo, sauti ya Mama Pacha ikaja kutoka upande wa pili wa ukuta, ya kusitasita.

"Shangazi. Samahani. Maharage ya leo ni magumu."

Shangazi alisimama na shuka mkononi. Nikadhani amekasirika. Kisha akanigeukia, macho yamejaa machozi.

"Umesikia?" alininong'oneza. "Amelalamika."

Akajifuta kwa ncha ya shuka, akapaza sauti yake ile ya kufokea wasaidizi. "Sasa unakaa nayo ya nini? Yalete huku niyachemshe tena."

Na Mama Pacha akayaleta.