Mikono ya Rula

Msusi huyu walimwita Rula, kwa sababu njia alizochora kichwani mwa mtu zilinyooka utadhani zimepigiwa mstari. Kichwa alichojifunzia kilikuwa cha mdogo wake. Mama yao alipofariki, Rula ndiye aliyemlea, akamlisha, akamsuka huku mtoto akisinzia. Kwa hiyo mdogo mtu alipochumbiwa, hakuna aliyeuliza nani atamsuka bibi harusi.

Ila mikono ilikuwa imeharibika. Shampuu, rangi na dawa za kulainisha nywele, miaka nenda miaka rudi, zilianza kwa kumwasha katikati ya vidole, yakafuata malengelenge, halafu ngozi ikapasuka na kutoa majimaji. Wateja wakanong'ona, na kwa kunong'ona binadamu hatujambo. Ili waone kwamba yeye si mchafu, Rula akawa ananawa mbele yao kwa sabuni ya kufulia, na jioni anaisugua mikono kwa dawa ya kutolea madoa ya nguo. Maskini, alikuwa anazima moto kwa mafuta ya taa. Kadiri alivyonawa ndivyo mikono ilivyozidi kuchanika, na wateja wakahamia kwingine.

Daktari wa ngozi alimweleza kwamba ngozi imechokozwa na zile dawa za kazi, na kule kunawa kumeimaliza kabisa. Ugonjwa wenyewe hauambukizi hata kidogo. Akampa dawa ya kupaka kwa muda mfupi, akamwambia ajipake mafuta mazito ya mgando kila anaponawa, na asiguse dawa ya nywele bila glovu. Rula alifuata yote kama mtoto wa darasa la kwanza. Nyufa zikafunga, ngozi ikarudi laini. Akampigia mdogo wake simu, akalirudia neno la kutoambukiza, naye akajibu sawa, dada.

Wiki ya harusi Rula alifunga saluni kwa wengine wote, akafagia, akasubiri. Mdogo wake alifika jioni, ameshasukwa.

"Nilikuonea huruma, dada. Nikaona bora upumzike," alisema, macho yakiwa sakafuni.

Ni uongo, na Rula aliujua. Umlee mtu usijue anapodanganya? Moyo ulimuuma, lakini alitabasamu. Nyuma ya sikio njia moja ilikuwa imepinda. Kwa mazoea tu, akanyoosha mkono ainyooshe.

Mdogo wake akakwepesha kichwa.

Hakukusudia, hilo tumkubalie. Aliomba radhi papo hapo, hata machozi yakamtoka. Rula akamwambia hakuna neno, umependeza, nenda ukalale mapema. Kisha akafunga mlango na kulia mpaka sauti ikakauka.

Harusini watu walimnyooshea mkono wamsalimie. Yeye aliwapungia tu kwa mbali, kwa mikono yake mizima kabisa, asimshike mtu.