Mwaka Nilipogeuza Viti

Katika maonesho yetu matatu ya kwanza, hakuna mtu aliyeiona picha yangu. Sisemi hawakuipenda. Hawakuiona. Watu walikuja wengi, wamependeza, wakakaa saa tatu nzima ndani ya chumba kimoja na picha ishirini na kitu, wakasikiliza hotuba, wakala pilau, wakaenda zao.

Nieleze, maana asiyezijua shughuli zetu anaweza kudhani natia chumvi. Sisi ni wachoraji saba, na tumepangisha nyumba ya kale ya mawe hapa Bagamoyo. Mara moja kwa mwaka tunafungua chumba cha mbele kwa maonesho, na shughuli haiwi shughuli bila mgeni rasmi. Mgeni rasmi lazima awe na meza kuu. Meza kuu lazima iwe kwenye ukuta wenye mwanga, ili akipigwa picha atoke vizuri, na ukuta huo lazima utundikwe bango la kitambaa lenye jina lake. Viti vya plastiki hupangwa mistari kuielekea meza kuu. Kwa hiyo picha za pembeni zinatazamana na masikio ya watu, za nyuma zinatazamana na visogo, na za ukuta mzuri zinafunikwa na bango. Ukuta mzuri tulikuwa tunaupigia kura, na mara zote tatu nilishinda mimi. Wenzangu wakanipongeza.

Mwaka wa pili nililalamika. Mwenyekiti wetu ni mzaliwa wa Dunda, hapahapa mjini, mtu mpole, mwenye adabu nyingi kuliko msimamo. Aliniambia, "Ni saa chache tu, dada. Hotuba zikiisha watatazama." Hawakutazama. Hotuba zikiisha huja chakula, na chakula kikiisha kila mtu anakumbuka ana safari. Mwaka wa tatu nilimshika mkono mama mmoja nimpeleke mbele ya picha yangu. "Nimeona, mwanangu, nzuri sana," akasema, huku anatafuta mkoba wake.

Hapo niliumia kwelikweli. Mimi si mtoto. Nina miaka arobaini na sita, nashona sare za shule ndipo nile, na picha moja hunichukua miezi. Nilimwambia mume wangu kwamba mwaka wa nne wasipotazama, nagawa rangi na brashi zote na sichori tena maisha yangu. Ananijua, hakunibembeleza.

Picha ya mwaka huo ilikuwa ya mkaangaji wa soko la samaki, mama ninayenunua kwake vibua. Nilimpiga picha kwa simu siku moja asubuhi, nikaenda kumchora kwenye plaiwudi mbili zilizounganishwa, mkubwa kuliko alivyo, ameinamia karai, macho yamezama kwenye mafuta. Macho hayo yalinihangaisha wiki mbili. Nilipoyamaliza niliona nimepata sura ya mtu anayeijua kazi yake.

Siku yenyewe, tulipomaliza kupanga kila kitu, wenzangu walikwenda kuoga na kubadili nguo. Nikabaki kulinda spika, na picha yangu iko nyuma ya bango kama kawaida. Nilikaa nikaitazama ile pembe ya plaiwudi iliyokuwa inachungulia kwa chini. Kisha nikapanda juu ya kiti, nikalishusha bango, nikalitundika nje mlangoni. Meza kuu nikaivuta katikati ya chumba. Halafu nikaanza kugeuza viti, kimoja kimoja, vyote vikatazama kuta, migongo kwa migongo. Kile chenye kitambaa cha satini, cha mgeni rasmi, nilikiweka mbele ya picha yangu. Sikuona sababu ya kujinyima.

Mwenyekiti alirudi na kanzu iliyopigwa pasi.

"Umefanya nini?"

"Nimepanga viti."

"Yaani mgeni rasmi aje atazame ukuta?"

"Si ndicho tulichomwitia?"

"Dada, utatuaibisha."

"Tumeshaaibika miaka mitatu, mwenyekiti wangu."

Akashika kiti ili akigeuze. Nikakikalia. Akashika kingine, nikahamia hicho. Yeye si mtu wa kumsukuma mwanamke kwenye kiti, na mimi nalijua hilo. Tulikuwa katika hali hiyo gari lilipopiga honi nje. Mgeni rasmi amefika kwa wakati, jambo ambalo kwetu halikuwahi kutokea.

Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mama mrefu mwenye miwani. Aliangalia viti, akaniangalia mimi, akauliza anakaa wapi. Nikamwonesha, akakaa. Wageni waliokuwa wanaingia walipoona amekaa vile, nao wakakaa vilevile. Mshereheshaji ameshika kipaza sauti na hajui azungumze na kisogo cha nani. Kwa mara ya kwanza niliogopa kwamba nimewavunjia wenzangu shughuli yao.

Lakini mtu aliyekaa hutazama kilicho mbele yake. Upande wa dirishani wazee wawili wakaanza kubishana kama nyumba iliyochorwa ni ya fulani au ya jirani yake. Huku kwangu mgeni rasmi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Huyu ni nani?"

"Shikamoo mama, ni mimi," ikajibu sauti kutoka kiti cha pili. Alikuwa mkaangaji mwenyewe, ndani ya dera jipya. Nilimwalika kila mwaka, na kila mwaka alikuja akaona bango.

"Marahaba. Mbona hapo ukutani umekuwa mnyonge hivyo?"

Mkaangaji aliitazama picha kwa muda mrefu. Kisha akanigeukia. "Dada, usikasirike. Pale sikaangi."

"Unafanya nini?"

"Naona haya. Ulikuwa umenielekezea simu."

Watu wakacheka kidogo, akaendelea kwa sauti ya kawaida kabisa. "Mkaangaji hatazami karai. Ukitazama karai, mnunuzi anapita. Samaki unamsikiliza. Ukimtia anapiga kelele, maji yakimwisha anatulia, ndipo unamgeuza. Macho yangu mimi yako kwa watu."

Mgeni rasmi akamwomba asimame aoneshe. Akasimama pembeni ya picha yangu, mkono ukageuza samaki asiyekuwepo, macho yakaenda mlangoni, yakatuchambua mmoja mmoja nani ana njaa na nani anapita tu. Chumba kizima kilimtazama yeye, kikaitazama picha, kikamtazama yeye tena. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kipi ni kukaanga na kipi ni haya.

Niliona aibu, tena ya haki. Wiki mbili zote nilikuwa nachora haya za mtu nikidhani ni ujuzi wake. Na papo hapo nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu nianze kuchora, hata nikashindwa kuificha. Mwenyekiti aliniuliza kwa kunong'ona kama tuishushe picha. Nikamwambia aiache hapohapo mpaka shughuli iishe, pamoja na kosa lake.

Kesho yake asubuhi nilikwenda sokoni bila simu, nikiwa na daftari na penseli. Nilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, upande wa pili wa karai, moshi unanifuata kila ninakohamia. Yeye aliita wateja juu ya kichwa changu, akageuza vibua bila kuwaangalia, na kila nikiinua uso nakuta ananichungulia.

"Utachoka," akaniambia.

"Sichoki."

Niliapa kuacha wasipotazama. Walitazama, wakaniambia nimekosea, na hilo sikuwa nimeliwekea kiapo. Mpaka jua linakuwa kali nilikuwa nimeyachora macho yake mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja yalikuwa yananitazama mimi. Nikafungua ukurasa mwingine, nikasogeza ndoo nyuma, labda atanisahau.